Mafuta ya Mifupa ya Hooyo

Mombasa, 9 Machi 1953

Hooyo mpenzi,

Assalamu alaikum. Mimi na Shee hatujambo, na mtoto ameanza kukaa mwenyewe. Natumaini lori halikukutikisa sana. Vipi kaka Olow na mkewe Hawo? Vipi ngamia?

Nakuandikia yale daktari aliyotuambia siku ile, wewe ukiwa umegeukia ukutani kwa hasira. Ile picha ya mgongo inaonyesha mifupa yako imeliwa kwa ndani, ina matundu kama mkate wa anjera. Hukuumia kwa kupakia ngamia, Hooyo. Ngamia ni kisingizio tu, hata kukohoa kungetosha. Dawa haitarudisha mfupa uliokwisha, ila itauzuia uliobaki usiendelee kuliwa. Kwa hiyo si dawa ya kumaliza ukashukuru. Ni ya maisha.

Nimempa dereva vidonge vya kumeza na chupa za mafuta. Mafuta utumie kijiko asubuhi na kijiko jioni, usiruke hata siku moja, hata ukijiona mzima.

Jambo moja bado linaniuma. Ulipotoka hospitali ulikwenda kulala kwa Kerrow, ambaye udugu wetu naye ni wa kutafutatafuta, na mimi mwanao nina kitanda. Ulisema nyumba yangu inanuka samaki. Nimeolewa na mtu wa Lamu, Hooyo, ningefanyaje? Nimesugua sufuria zote kwa jivu. Siku utakayokuja tena nitakupikia mbuzi.

Mwanao,
Madina

Garissa, 17 Januari 1954

Kwa binti yangu Madina,

Waalaikum salaam warahmatullah. Sisi tupo, Alhamdulillahi. Mvua ilikuwa haba lakini wanyama wanasimama. Mbusu mtoto. Anayeandika ni Yarow, karani wa dukani. Lugha yetu haiandikwi, kwa hiyo ananigeuzia kwa Kiswahili, na akitia maneno yake mwenyewe nitajua.

Vidonge nimemeza. Mafuta nayo nimetumia kama ulivyosema, sikuruka. Hawo hunipaka kijiko asubuhi na kijiko jioni, kuanzia shingo mpaka nyonga, kisha nakaa juani yaingie. Lakini harufu yake, ya Rabbi! Kisimani wanawake wananipisha njia, wala si kwa heshima. Mbuzi wangu mwenyewe wananikimbia. Nimevumilia kwa sababu yametoka mkononi mwako.

Sasa nikueleze. Juzi nilikuwa nakamua, mbuzi akarusha teke, nikajikinga. Mkono ukavunjika hapo hapo kama kijiti. Umefungwa mbao. Olow anataka kuhamia upande wa Kotile na kila siku ananiuliza kama nitaweza kupanda ngamia. Nimjibu nini? Dawa gani hii isiyosaidia? Muulize daktari wako, na uniambie mafuta haya yanatoka kwenye mti gani.

Hooyo yako,
Safiyo (dole gumba)

Mombasa, 6 Februari 1954

Hooyo mpenzi,

Assalamu alaikum. Pole sana kwa mkono. Shee pia anakupa pole.

Niliposoma barua yako nilicheka, kisha nikalia mpaka Shee akatoka nje. Hooyo, mafuta ni ya kunywa! Niliandika "utumie" nikidhani umeelewa. Karibu mwaka mzima umeyamaliza kwenye ngozi, na mifupa haikupata hata tone.

Na hayatoki kwenye mti. Ni mafuta ya ini la samaki. Nilikwepa kukuambia kwa sababu nakujua. Lakini sasa ni mifupa yako iliyo hatarini, na siwezi kukuficha. Kunywa, Hooyo. Ziba pua unywe. Na tafadhali usipande ngamia. Ukianguka kutoka juu pale hutainuka tena.

Natuma chupa nyingine.

Mwanao,
Madina

Mombasa, 21 Juni 1954

Hooyo,

Assalamu alaikum. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Dereva anasema chupa alizikabidhi kwa Hawo, nawe ulikuwa umekaa mlangoni ukamtazama tu. Nitukane kama unataka. Mwambie Yarow aandike matusi yote, asipunguze hata moja. Nijue tu kwamba upo.

Mwanao,
Madina

Garissa, 3 Septemba 1954

Kwa Madina,

Waalaikum salaam. Nipo. Sikutukani. Nilikasirika sana, na hasira ya mtu mzima haiishi upesi. Sheria ya dini haitukatazi samaki, najua, wala sihitaji kufundishwa. Lakini nyumbani kwetu mla samaki alikuwa mtu wa kuchekwa. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote siku Shee alipoleta posa. Kumbe nimejipaka samaki mwaka mzima, nikapita nao sokoni!

Olow amekwenda Kotile. Nilibaki hapa mjini na Hawo na mbuzi wachache. Tangu nizaliwe, ngamia hawajawahi kuondoka bila mimi. Nilikaa mlangoni nikisikiliza kengele zao za mbao mpaka zikapotea, na nililia, Madina, Yarow aandike hivyo hivyo. Baadaye nikajiuliza, kama siwezi tena kuhama, nimebakiwa na nini? Nina binti mmoja aliye mbali, na kwake sijala hata tonge.

Nikamwambia Hawo alete kijiko. Siku ya kwanza nilitapika. Sasa nanywa, nakunja uso tu. Maumivu ya usiku yamepungua, nalala kwa ubavu.

Mvua zikipita nitakuja, nilale kitandani kwako. Wala usisugue sufuria. Chupa imebaki chini ya nusu, harakisha.

Hooyo yako,
Safiyo (dole gumba)

Mombasa, 10 Oktoba 1954

Hooyo mpenzi,

Assalamu alaikum. Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Shee amepaka chokaa chumba chako.

Chupa tatu nimemkabidhi dereva, lakini wanasema mvua imeanza kwa fujo na malori yamezuiwa njiani. Nasubiri, naye anasubiri. Barua hii imepata mtu wa ndege ya serikali, chupa amekataa kuzibeba. Meza vidonge vilivyobaki na utulie ndani. Nitakapokuona nitakuchinjia mbuzi.

Mwanao,
Madina

Garissa, 12 Desemba 1954

Kwa binti yangu Madina,

Waalaikum salaam. Nakujibu nikiwa kitandani hospitalini. Usishtuke, sikiliza kwanza.

Mafuta yaliisha. Ulisema nisiruke hata siku moja, nami nimeruka nyingi. Nikawaza, kama dawa ni ini la samaki, mto umejaa samaki na mimi nimekaa hapa nikingoja lori? Sikumtuma Hawo, niliona haya. Nilijifunika mtandio, nikashuka mwenyewe mpaka kwa watu wa mtoni. Mwanamke mmoja alinichomea kambare pale pale. Ini lilikuwa dogo, chungu. Nikala na nyama yake. Ni laini, Madina. Nilikula mbele ya watu na hakuna aliyenicheka.

Wakati wa kupanda ukingo, nyonga ikavunjika. Naapa niliisikia ikilia kabla sijagusa tope. Sasa mguu umevutwa kwa mfuko wa mchanga, na daktari anataka nilale hivi miezi. Kifua nacho kimeanza kubana. Usimlaumu Hawo, wala usijilaumu wewe. Nilikwenda kwa miguu yangu.

Mbuzi wako mwache aishi. Nikija nipikie hao samaki wenu wa baharini, nile na mume wako. Ila nieleze mapema nisije nikaaibika mbele yake. Ile miiba mnaitoa kabla, au mtu anaitafuta mwenyewe kwa

Dada Madina, hapa ni mimi Yarow. Mama alichoka, akaniambia nirudi kesho tumalizie. Nilirudi asubuhi, wakaniambia amefariki alfajiri. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Kaka yako Olow aliwahi mazishi. Sikuweza kuongeza neno kwenye barua yake, naituma kama alivyoiacha.

Lori la kwanza limefika jana. Zile chupa tatu ziko kwangu dukani, hazijafunguliwa. Naomba uniambie nizifanye nini.

Yarow