Chombo Hakikugeuka

Dada yangu mpendwa,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta macho yakiwa na nafuu, na kwamba cherehani haijakushinda kabisa. Mimi ni mzima, na kazi hapa kwenye kampuni ya uchapishaji inaniendea vyema.

Utafurahi kusikia kwamba tunachapisha upya ile riwaya ya safari ya anga uliyokuwa ukinisomea huku ukishona nguo za watu. Bila shaka unaikumbuka: dada mtu, fundi wa chombo, anashuka kwenye sayari ya vumbi jekundu ili kukinasua, na mdogo wake, ambaye dada huyo ndiye aliyemfundisha urubani, anabaki kwenye usukani; chombo kinanasuka na kupaa kabla dada hajapanda. Nakala yetu haikuwa na kurasa za mwisho. Ulisema zililiwa na panya, ila wewe uliwahi kuzisoma: mafuta yalikuwa machache, lakini mdogo mtu aliiona taa ya dada yake ikimemeta, akageuza chombo, akamrudia. Nilikuwa silali mpaka nisimuliwe hapo.

Hapo ndipo uliponiponza. Nilipotakiwa kuwaeleza wahariri kwa nini riwaya hiyo haichuji, nilijenga hoja yangu yote juu ya kurudi kule. Mhariri mkuu alivua miwani, akaniuliza kwa upole ndoto hiyo niliiotea wapi. Wenzangu walicheka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo naitwa Geuza-Chombo. Lifti ikipitiliza ghorofa yetu, huniambia haya, rubani, fanya mambo yako.

Nikaisoma nakala kamili. Chombo hakigeuki, Dada. Mdogo mtu anaiona taa, anaitambua, anapiga hesabu ya mafuta, kisha anatundika koti lake dirishani. Sentensi ya mwisho inasema tu kwamba alilala vizuri. Katika dibaji mpya nimeandika kwamba riwaya hii inadumu kwa sababu haimbembelezi msomaji. Mhariri mkuu ameisifu mbele ya wote, na jina la utani limekoma.

Sasa nijibu ombi lako. Umesema macho yanazimika, wateja wamehama, na ungependa kuja kukaa nami, kwa kuwa uliacha shule ili mimi nisome. Yote ni kweli, na nafasi ninayo. Lazima pia nikwambie kwamba sikuwa mkutanoni, wala mtandao haukuwa mbovu. Kila ulipopiga, niliitazama simu ikiwaka mezani, nikajua ni wewe, nikaifunika kwa koti.

Usije.

Najua kwa hali ya macho yako utasomewa barua hii na yule jirani muuza duka. Mpe salamu zangu za heshima, na umwambie namwomba aisome kama ilivyoandikwa, asikubunie mwisho mwingine.

Nakutakia usingizi mwema.

Ni mimi mdogo wako,
Mhariri Msaidizi