Memori Yenye Taa

Jumatano, 5 Machi

Kompyuta imeganda tena. Video ya harusi ya wifi yangu inatakiwa Jumapili, ukoo mzima unakuja kuitazama sebuleni kwetu. Mbele kabisa atakaa mama mkwe, yeye anayeita kazi yangu “kuangalia TV”. Safari hii atanyamaza! Iishe tu kwanza. Nikikata kipande kimoja naenda kuchemsha chai, nainywa, narudi – bado inafikiria.

Fundi kaja kuiangalia. Mashine yenyewe ni nzima, ila memori, kile kibao chembamba cha ndani, ndiyo ndogo. Kasema tuchomoe ile ya zamani, twende nayo dukani, tununue kubwa ya aina hiyo hiyo. Basi.

Mume wangu kasema, niachie mimi. Mungu wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana karudi kifua mbele. Kanunua memori yenye taa! Nyekundu, bluu, kijani. Ile ya zamani aliibeba? Wapi! Ati yeye si wa kutembea na vyuma mfukoni, na muuzaji kamhakikishia hii ndiyo ya kisasa. Haya. Taa zitawaka ndani ya boksi lililofungwa, azione nani?

Jumamosi, 8 Machi

Haiingii. Mwanya wa memori uko huku, kijino cha kompyuta kiko kule. Nikasema irudishe. Akasema nakata tamaa upesi mno – akaenda kuleta tupa. Tupa! Kakwangua, kapuliza, kasukuma kwa kidole gumba. Tak! Kibano cha kushikia memori kikaruka hadi chini ya kochi.

Sasa hata ile ya zamani haikai. Nimelia, tena kwa kwikwi. Haraka haraka haina baraka, aliniambia nani? Yeye huyo huyo, siku nilipomhimiza tuwahi harusini.

Jumapili, 9 Machi

Wageni wamejaa sebuleni. Nimegundua kitu: memori ya zamani ikikandamizwa kwa kidole, kompyuta inafanya kazi. Kidole cha nani? Cha aliyevunja! Kachuchumaa chini ya meza huku chumbani, kidole ndani, video inaunganishwa. Akiachia tu, tunaanza upya. Mimi naandika huku namlinda.

Asilimia sitini. Mama mkwe kaingia na kitambaa, anamfuta mwanawe jasho. Kumbe kazi yenyewe ngumu hivi, kasema. Na kumbe mwanangu ndiye anayeifanya, wewe umekaa tu na kalamu!

Tisini na moja.

Huko chini ya meza mtu anakunja pua. Ananiita polepole. Mke wangu, anasema, chafya –