Nilimnyang'anya Mzee Rimoti

Chimwaga, Dodoma
Jumanne

Baba yangu,

Shikamoo. Ningekuwa hapo mlangoni ungeniona nimepiga goti mpaka sketi ikagusa sakafu, kwa hiyo ipokee hivyo hivyo. Mguu unaendeleaje? Usinijibu "haujambo" kama unavyomjibu Mama. Nataka kujua kama ule wa bandia bado unakuchubua, na kama unakwenda kliniki mwenyewe au unamtuma Ambwene akakuchukulie dawa huku wewe umebaki na redio zako. Na mvua? Huku nimeshasahau hata harufu yake. Upepo unavuma tangu asubuhi, vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi.

Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umetikiswa, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu Mama angekupokonya kabla sijafika katikati, halafu angeanza kulia, na hili nataka ulijue lote kabla hujasema neno. Jumamosi nilikaribia kumuumiza mzee wa watu mguu, Baba. Mguu wenye sukari, kama wako.

Unakumbuka nafanya kazi kwa Idi, yule kaka wa Kondoa mwenye karakana ya magari ya mbio ya rimoti karibu na chuo. Nilipokuja likizo uliuliza kama ni midoli, ukacheka mpaka ukakohoa. Si midoli hata kidogo. Gari moja lina uzito wa mtoto mchanga aliyenenepa vizuri, na likiachiwa linaondoka kama limetukanwa. Wenye nayo ni wahadhiri, maofisa wa wizara, na wanafunzi ambao wazazi wao wana uwezo. Kila Jumamosi wanashindana Makutupora, kwenye uwanja wa udongo kando ya mashamba ya zabibu.

Magari haya yanakuja yameshaungwa kiwandani. Unafungua boksi, unachomeka betri, linakwenda, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Skrubu nyingine zimelegea, nyingine zimekazwa mpaka zimekata meno, na grisi wameweka ya kuonjesha tu. Sisi gari jipya tunalifungua lote kabla halijagusa udongo. Halafu linakuja vumbi la Dodoma kula beringi, na wenye magari wanazidisha. Mmoja alipaka gia mafuta ya alizeti, vumbi likaganda humo likawa ugali. Ungeipenda kazi hii, Baba. Nasikiliza kwanza mota inalalamika wapi, kama ulivyonifundisha kwenye redio, ndipo nashika bisibisi.

Sasa kuna jambo moja lazima ulielewe. Gari linaisikiliza rimoti muda wote. Rimoti ikizimika, gari linabaki kiziwi, kwa hiyo tunalifundisha mapema: usiposikia kitu, simama. Kulifundisha si kazi. Unachomoa waya za mota ili magurudumu yasizunguke, unabonyeza kitufe, kitaa kinaanza kupepesa. Kitaa kikitulia, pale kidole chako kilipo kwenye kifyatulio cha rimoti ndipo gari limekariri. Kidole kikiwa nje, limekariri kusimama. Ukimaliza unarudisha waya, unaliweka gari juu ya kreti magurudumu yakiwa hewani, unazima rimoti kwa makusudi uone litafanya nini. Idi ameandika ukutani kwa rangi nyekundu: GARI HALITOKI HUMU BILA KUZIMIWA RIMOTI.

Ijumaa nilikuwa na gari la Mzee Chilewa. Huyu ni Mgogo wa hapa hapa, alikuwa mtunza majalada serikalini, sasa amestaafu. Gari aliletewa na binti yake anayeishi ng'ambo, ili apate cha kumtoa nyumbani. Analiendesha kama anachunga ng'ombe: likipita kona vizuri analipigia mluzi, likipinduka analigombeza kwa Kigogo. Ana sukari. Kidonda kwenye mguu wa kulia kilimchukua mwaka mzima kupona, na ngozi ya pale bado ni laini kama ya mtoto. Nilimuuliza mengi kuhusu mguu huo, na wewe unajua kwa nini.

Mzee ana tabia moja iliyonishinda. Akimaliza kuendesha, anazima rimoti kwanza ili kuokoa betri, ndipo anakwenda kuliokota gari. Inatakiwa gari lizimwe kwanza. Nimemwambia mpaka nimechoka. Ananijibu, "Binti, mimi nazima kilichoko mkononi." Hata simu huizima akimaliza kuongea.

Basi nilikuwa nimemwekea kipokezi kipya, kile kidude cha kuisikiliza rimoti, waya za mota nimezichomoa. Nikabonyeza kitufe, kitaa kikaanza kupepesa. Mlango ukafunguliwa, Mzee huyo.

"Mbukwa, binti!" akanisalimia kwa Kigogo.

Nikapiga goti. Huku hawapigi goti sana, na wenzangu hunicheka, wanasema mtu wa Tukuyu anasalimia kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Lakini mmenilea hivyo, magoti yangu hayaniulizi. Nikashuka na rimoti mkononi, nikaikumbatia kifuani kwa mikono miwili, nikasema shikamoo. Akanibakiza pale chini kwa maswali: nyumbani hawajambo, baba yako mguu vipi, huko kwenu mvua inanyesha? Niliponyanyuka kitaa kilikuwa kimetulia. Nikarudisha waya haraka kwa sababu bodaboda ilikuwa inamsubiri nje. Nikajaribu mbele, nyuma, kushoto, kulia. Safi kabisa. Nikamfungia gari kwenye mfuko wake. Yale maandishi mekundu yalikuwa mgongoni kwangu, na rimoti sikuizima.

Jumamosi asubuhi Idi alitangulia uwanjani, mimi nikabaki karakana na gari la mteja mwingine. Nikafika kwenye kulifundisha kusimama. Kitaa kinapepesa, mimi natazama kidole changu, na ghafla nikajiona vile nilivyokuwa jana yake, nimepiga goti. Nikaichukua ile rimoti, nikapiga goti peke yangu mbele ya meza, nikaikumbatia vile vile. Kidole cha shahada kilikuwa kimezama kwenye kifyatulio mpaka mwisho.

Baba, hapo ndipo nilipoelewa. Gari la Mzee nililifundisha kinyume. Rimoti ikizimika, litakimbia kwa nguvu zake zote. Na Mzee huzima rimoti akiwa anatembea kulielekea gari, mguu wake ukiwa mbele.

Nikampigia, simu imezimwa. Nikampigia Idi, inaita tu. Nikapanda bodaboda, nikamwambia dereva akimbize, na njia nzima sikuona barabara. Nilimwona Mzee tu, na kidole chake kwenye swichi.

Nilipofika mbio zilikuwa zinaendelea. Madereva wamesimama juu ya jukwaa la mbao, magari yanapita chini yao, muziki umefunguliwa, jenereta linanguruma. Akina mama wanaochuma zabibu walikuwa wameacha kazi kutazama. Idi alikuwa kwenye kamba iliyozunguka uwanja.

"Idi, gari la Mzee nimelikosea. Akizima rimoti linaondoka!"

"Linaondoka kwenda wapi? Si lile linakwenda vizuri? Liko la tatu."

"Likiwa linakwenda halina neno. Neno ni akimaliza. Si unamjua anavyoanza na rimoti?"

Akanivuta pembeni. Uso wake ulibadilika. "Ulilizimia rimoti kabla ya kulitoa?"

"Sikulizimia."

"Atu, ukutani nimeandika kwa ajili ya nani?" Kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Wateja wangu wote wako hapa. Ukipiga kelele leo, kesho nani ataniletea gari? Wakimaliza nitakwenda mimi mwenyewe, nitalizima kimya kimya, yataisha."

Sikumlaumu, na leo bado simlaumu. Ile karakana ndiyo maisha yake. Nikakubali kusubiri. Lakini mzunguko wa mwisho magari mawili yaligongana konani, wenyewe wakaanza kubishana, wakamwita Idi aamue, wakamzunguka. Filimbi ikalia. Nilipogeuka, Mzee alikuwa ameshashuka jukwaani. Gari lake limesimama, pua imemwelekea, na yeye anakwenda taratibu na ule mguu, ameinamia rimoti kutafuta swichi.

"Mzee, usizime!" Upepo na jenereta vikaimeza sauti yangu. Nikaruka kamba. Sikusalimia, sikuinama. Nilimnyang'anya mzee mwenye umri kukuzidi wewe kitu mkononi mwake, kwa nguvu, mpaka akayumba. Nikakimbia nikalizima gari, ndipo nikazima rimoti.

Wale akina mama walisema "Heee!" kwa pamoja. Mtu akazima muziki. Mzee alikuwa amesimama na mikono yake bado imeshika hewa.

"Binti," akasema, "umeninyang'anya kitu mkononi, mbele za watu. Kwa nini?"

Idi akafika anahema. "Alitaka kuangalia betri, Mzee. Tusamehe, huyu ana haraka haraka zake." Akanikazia macho. Alikuwa amenifungulia mlango, nilichotakiwa ni kupita tu.

Baba, pale pale nilikumbuka kiatu chako cheusi. Nilikumbuka jinsi yule fundi viatu alivyokuja hospitali, umeshakatwa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akasema msumari aliuona umetokeza ndani, ila wewe ulikuwa umeshaondoka nacho na yeye aliona aibu kukuita. Hukumgombeza kwa ajili ya msumari. Ulimwambia msumari unaweza kumpita fundi yeyote. Ukamwambia, "Ungenifuata tu njiani." Nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya uji, nikasikia. Sijawahi kukwambia kuwa nilisikia.

Nikasema, "Si betri, Mzee. Nilikosea. Ijumaa nilikupigia goti na rimoti mkononi, kidole kikabonyeza, gari likakariri kinyume. Nikalitoa bila kulijaribu."

Nikaomba kreti tupu la zabibu, nikaliweka gari juu, magurudumu hewani. Nikawasha rimoti, nikawasha gari, nikamrudishia rimoti kwa mikono miwili. "Sasa zima kama unavyozimaga."

Akazima. Magurudumu yakapiga kelele, kreti likaanza kutembea lenyewe kwenye udongo, na watu wakarudi nyuma. Nililishika gari kwa nguvu nikachomoa betri. Mzee alitazama gari, akatazama mguu wake, akanitazama mimi. Kisha akaliweka gari kwenye mfuko, akaondoka bila kuniaga. Hata mluzi hakupiga.

Wateja wawili wameshachukua magari yao karakana. Jana Idi aliniambia nibaki nyumbani mpaka kichwa chake kitulie, na sijui kitatulia lini. Siililii kazi peke yake. Nalia kwa sababu nimemwona mzee ananipita kama hanijui, na kwa sababu kila nikifumba macho nasikia lile kreti likitembea. Naogopa, Baba. Sitaki unitumie chochote, wala usimwambie Mama zaidi ya kwamba upepo huku ni mkali.

Msalimie sana Mama, mwambie kanga alizonipa nimezitundika dirishani kuzuia vumbi na zinafanya kazi kuliko pazia. Msalimie kaka Ambwene, na umwambie kliniki ni yako, si yake. Shangazi wa sokoni mwambie ndizi za huku hazina ladha, atafurahi. Yule fundi viatu akipita hapo, msalimie naye. Usimweleze kwa nini.

Ni mimi binti yako ninayekupenda,
Atupele

Jumatano

Baba, jana sikuituma. Nilikuwa naifunga bahasha Idi akapiga simu, akasema neno moja tu: "Njoo." Nikajua ni kufukuzwa. Nilipofika, Mzee Chilewa alikuwa ameketi kwenye benchi, mfuko wake uko miguuni. Idi anafuta meza ambayo haikuwa chafu.

"Amekaa hapo tangu asubuhi," Idi akasema. "Nimemwambia nitalitengeneza mimi, hataki."

Mzee hakunitazama. Alisukuma mfuko mbele kwa fimbo. Nikalitoa gari, nikachomoa waya za mota, nikachukua rimoti. Halafu nikakumbuka kuwa sijamsalimia, magoti yakaanza kukunjika yenyewe.

"Simama hapo hapo," Mzee akasema.

Nikabaki nusu nimesimama, nusu nimeinama.

"Binti, weka kwanza hiyo rimoti mezani. Ndipo unisalimie."