Dada, Meli Yapita Kwako Jumamosi

Dada Zuhura,

Nakushika miguu kutoka Ganjoni, ingawa sijui kama utaipokea salamu yangu. Mwaka wa sita huu hatujasemezana. Barua mbili nilizompa mtu akuletee zilirudi mkononi mwangu hazijafunguliwa.

Binti yangu Nasra ataka kunikatia tikiti ya meli ya matembezi. Yaondoka Kilindini Ijumaa baada ya swala, Jumamosi asubuhi iko huko kwako Unguja, yashinda hapo mpaka magharibi, kisha yageuza kurudi. "Mama, nenda ukapumzike," aliniambia. "Ule, ulale, utazame bahari." Hajui kwamba tangu alipoitaja Unguja nakuwaza wewe tu. Alitaka jawabu leo kabla ya adhuhuri, la sivyo nafasi apewe mwengine.

Jirani yangu asema safari hiyo ni kujitesa bure, kutapika siku mbili kwa ajili ya kutwa moja ya nchi kavu. "Si upande ndege, ukakae kwa nduguyo?" Asema kweli. Lakini nikija kwa ndege nitahitaji mahali pa kulala, nami sina uso wa kukuomba kitanda. Melini nina chumba changu. Usiponitaka, nina pa kurudi.

Wakumbuka tulivyokuwa tukitoroka chuo cha Kurani kwenda kuzitazama meli za watalii zikiingia? Nilikuuliza wale watu wanakwenda wapi. "Hawaendi popote," ukasema. "Wanabembelezwa tu, kama watoto wachanga." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tuliporudi nyumbani Kuze, mama alikuwa mlangoni na ufagio, nawe ukamwambia ni wewe uliyenishawishi. Haikuwa kweli. Ulipigwa peke yako.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni.

Mama alipokuwa kitandani alikuwa akiuliza kila siku, "Zuhura kaja?" Uliahidi kuja wiki ile, kisha wiki nyengine. Mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza, nikimuosha, na kumdanganya kwamba u njiani. Alipokata roho alfajiri, mjomba aliniuliza, "Zuhura umempigia? Tumngoje mpaka alasiri?"

Nikamjibu, "Nimepiga, hashiki. Mzikeni."

Sikuwa nimepiga, Dada. Simu nilikuwa nimeishika mkononi. Nilitaka umkose, kama yeye alivyokukosa. Nilikupigia wanaume waliporudi makaburini.

Ulifika kesho yake ukaniuliza, "Mbona hukunambia mapema?" Nikasema nilikupigia mara nyingi. Ukaitoa simu mkobani, ukaitazama, ukairudisha. Ulikaa mpaka hitma ya siku ya tatu, ukaondoka bila kuniaga. Watu walisema Zuhura hakumjali mamake, hata kumzika hakuja, nami nilikuwa nimekaa papo hapo jamvini nikiwasikiliza. Wengine wangali wanasema. Ndiyo maana leo nakuandikia kwenye kundi la simu la ukoo, mbele za watu, wasome wote kwamba aliyekosa si wewe.

Nasra alipopiga simu nilikuwa nimeshaandika mpaka hapa.

"Mama, umeamuaje?"

"Nakwenda."

"Alhamdulillahi! Utapumzika."

Nikakata simu, nikarudi kukuandikia. Sijui kama utakuwapo siku hiyo. Sijui kama wanao watanijua, au walishaambiwa wasinijue. Jambo moja nalijua: nisipokwenda mara hii, nitapata sababu nyengine ya kutokwenda, mpaka mmoja wetu azikwe na mwenzake asiwepo.

Jumamosi, panapo majaaliwa, nitasimama mlangoni kwako. Nitapiga hodi mara tatu, kama dini ilivyotufunza. Usipoitika nitageuka nirudi melini, wala sitakulaumu. Lakini ukiwa ndani, Dada, hata kama ni kwa matusi, niitikie.

Mdogo wako wa ziwa moja,
Mwanaisha