Mchele Ule Haukuwa Mmoja

Baba,

Nimemkosea Mama Sekela, na nilimkosea kwa kutumia jina lako. Naanza na hilo maana nikianza na salamu nitazunguka, nawe ulikuwa humpendi mtu anayezunguka. Haya, sasa kamwene, Baba.

Unaikumbuka ile harusi ya binti wa mzee wa kanisa? Wewe ulikuwa Iringa unamuuguza shangazi. Waliagiza mchele wa Kyela. Nikaangalia stoo, wa Kyela hautoshi, tena wenyewe wa msimu uliopita. Nikauchanganya na mchele mpya wa Igawa, nikashona magunia, nikanyamaza. Hata kikombe kimoja sikupika.

Wewe usingefanya hivyo. Miaka yote pale sokoni Mwanjelwa, mzigo mpya ukiingia, unapika kwanza kikombe kimoja kwenye jiko la mkaa nyuma ya duka, unakula mkavu, bila mboga, macho umefumba kama uko kwenye sala. "Mchele ambao hujaula, usiusifie." Wateja wa Kyela wanakutania, "Jamani, Mhehe anatuuzia mchele wa kwetu!" Nawe unawajibu, "Ninyi mmebaki na mashamba, pua mmeniachia mimi." Wanacheka, wananunua.

Mama Sekela, mpishi wa harusi zote za kanisa, aliupika mchele wangu kwa maji yale aliyoyazoea. Ule mpya ukawa bokoboko, ule wa zamani ukabaki na kiini. Wageni wamekaa, kwaya imeshamaliza. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mama, huu ni wali au uji wenye mawe?" Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nilikuwepo, Baba. Nilicheka.

Uliporudi ukasikia, ukaniita mbele ya wazee wa kanisa. Swali moja tu. "Lusungu, mchele ule ulikuwa mmoja?" Nikasema mmoja. Ukawageukia. "Mwanangu akisema mmoja, ni mmoja." Maneno yakaishia hapo, maana nani atabishana na wewe? Tangu siku ile hakuna harusi pale kanisani iliyompa yule mama mwiko. Anauza maandazi karibu na stendi.

Tulikuzika kwenu Iringa kama ulivyotaka. Ungeona watu, Baba! Jirani yako wa duka la vitambaa, Mwislamu wa watu, alifunga duka akapanda basi pamoja na sisi. Kwaya mbili ziliimba, ya Mbeya na ya Iringa, zikashindana mpaka mchungaji akatabasamu. Nilijivuna kuitwa mwanao. Hapo hapo nikaona haya.

Mama yupo, anakula kidogo. Unajua ulivyokuwa kila Jumamosi, unampigia pasi kitenge chake cha kanisani, unasema mke wako hawezi kuingia nyumba ya Mungu na mikunjo. Jumamosi ya kwanza baada ya msiba nilikipiga pasi mimi. Akakigeuza-geuza, akasema, "Baba yako alikuwa anaanzia kwenye pindo." Sasa na mimi naanzia kwenye pindo.

Lakini lililonivunja ni Mama Sekela. Alikuja mpaka Iringa, akafunga khanga kiunoni, akapika wali wa msiba wako bila kuitwa. Ukatoka punje moja moja, watu wakasifu. Nikaenda kumshukuru. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, ule wa harusi ilikuwa mkono wangu tu. Baba yako alisema mchele ulikuwa mmoja, na baba yako hakuwa mtu wa uongo."

Baba, ameamini. Anajilaumu yeye, kwa sababu alikuamini wewe, nawe uliniamini mimi.

Sitaki tena. Jumapili ijayo ni sikukuu ya mavuno. Jumamosi asubuhi nitakwenda kwa Mama Sekela, asikie yeye kabla ya mtu yeyote. Jumapili, wakati wa matangazo, nitasimama mbele, niseme mchele ulikuwa wa aina mbili, mkono wake haukuwa na kosa, na wewe nilikudanganya. Jina lako halitapungua. Waliokujua wanajua ungekuwa wa kwanza kusimama.

Mama nimeshamwambia. Akasema, "Shati la siku hiyo nitalipiga pasi mimi."

Chakula cha mavuno nimeomba apike Mama Sekela, wazee wamekubali wakidhani ni huruma tu. Watajua Jumapili. Mchele natoa mimi, wa Kyela mtupu. Leo asubuhi nimepika kikombe kimoja nyuma ya duka, nikala mkavu, macho nimefumba.

Mchele unanukia, Baba.

Lala salama. Jumapili, kabla ya sadaka, nitakuwa nimeshasema.

Mwanao,
Lusungu