Solange, Fishi Zetu Zimepita

Rafiki yangu Solange,

Zimepita. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi la mbele la darasa lako, mikono bado ina chaki, kwa sababu sikutaka habari hii ilale bila wewe kuisikia. Inspekta ametia sahihi. Fishi zetu, zile karatasi za mazoezi ya kusoma na kuandika tulizokuwa tukizitengeneza kila Jumamosi, sasa zitatumika katika darasa la kwanza la shule zote anazozikagua. Leo walimu wa shule hizo wamekuja hapa ili niwaonyeshe jinsi ya kuzitumia. Wametoka sasa hivi. Nimebaki peke yangu na vumbi lao, nikaona niongee na wewe.

Unakumbuka tulivyoanza? Mimi première A, wewe première B, madarasa mawili ya mwaka wa kwanza hapa shuleni Katindo, na katikati yetu ukuta wa mbao ambao haukuzuia chochote. Wanafunzi wako wakihesabu, wangu nao wanahesabu. Asubuhi moja nilimsikia Baraka, mtoto wa Papa Innocent, akisoma ukurasa mzima bila kukwama hata mara moja, nikakuonea wivu, nakiri. Halafu kwako kukawa kimya. Ulikuwa umepita nyuma yake ukaona kitabu amekishika kichwa chini, na mdomo unaendelea tu, mstari kwa mstari, mpaka nukta ya mwisho.

Wakati wa mapumziko ulikuja mlangoni kwangu. Kwanza ulicheka. Kisha machozi yakakutoka.

"Kavira," ukasema, "hawa batoto habasome. Banaimba tu."

Ilikuwa kweli. Kitabu kimoja watoto sita, na ukurasa ni uleule mwaka hadi mwaka. Walikuwa wameushika kwa masikio, kama wanavyoshika nyimbo za kanisani. Jumamosi iliyofuata tuliketi kwenye meza ya mama yako, akatuondolea sufuria, na wewe ukatoa daftari ya kuchorea. Mimi niliandika maneno, wewe ulichora. Hatukujua kazi yenyewe ni ngumu namna gani. Fishi ya kwanza niliipenda sana: picha nne upande mmoja, maneno manne upande wa pili, mtoto aunganishe kwa mstari. Darasa zima lilipata yote. Nikafurahi mpaka uliponionyesha kwamba nilipanga maneno na picha kwa utaratibu uleule, na watoto walipiga mistari minne iliyonyooka bila kusoma kitu.

Hapo ndipo ulipoweka ile sheria yako. "Kama mutoto anaweza kujibu bila kusoma, fishi ni ya kutupa." Nilikuchukia kwa sheria hiyo, Solange. Ulinitupia karatasi nyingi. Lakini na wewe nilikupata siku ya mbwa. Ulichora mbwa, ukajisifu, na darasa lote likasema ni mbuzi. Uliwaangalia, ukaangalia karatasi, ukasema, "Sawa. Zote zinaanza na 'mb'. Muandike." Nilicheka upande wangu wa ukuta mpaka wanafunzi wangu wakanyamaza kunishangaa.

Tulichora vitu wanavyovijua. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwa "ch", sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwa "s", bidoni la maji kwa "b". Mwezi wa tatu mtoto wa kwanza alisoma neno ambalo hatukuwahi kumfundisha, nawe ukagonga mbao zetu mara tatu kunijulisha.

Kisha ule mkutano wa wazazi. Papa Innocent alikuwa ametoka mpakani Bunagana na mzigo wake wa biashara, bado na buti za safari. Alisimama, akatoa fishi ya Baraka mfukoni, akaikunja mara nne mbele ya watu wote.

"Kiswahili mutoto wangu anaijua tangu ku nyumba," alisema. "Mimi ninamutuma ku masomo ajue Kifaransa."

Wazazi wengi walipiga makofi. Direkta wa shule yetu alikuwa anatazama viatu vyake. Wewe ulisimama. Sauti yako haikutetemeka, mimi ndiye niliyetetemeka. "Papa, kusoma mutu anajifunza mara moja tu. Akishajua, atasoma Kifaransa, atasoma karatasi za douane kule mpakani, atasoma dawa ya mama yake. Mutuachie mwaka moja." Hakuna aliyepiga makofi. Kesho yake direkta alituita ofisini akasema tuziweke pembeni kwanza, mpaka inspekta atoe neno lake. Aliogopa wazazi watahamisha watoto. Tulibeba fishi zote tukazirudisha kwa mama yako.

Likizo ikaja. Ukaanza kuumwa tumbo, tukadhani ni amibe, wale wadudu wa tumbo, kila mtu hapa ana amibe. Ukaenda hospitali kwa miguu yako. Ukaniambia nikusubiri Jumamosi, tumalize "ny". Walikupasua siku ya Jumatano, na Alhamisi mama yako...

Siwezi kuandika hapo. Wewe unajua yaliyobaki.

Baada ya mazishi mama yako alinipa jalada lako lote, limefungwa kwa kitenge. Karatasi ya mwisho ilikuwa ya "ny". Ulikuwa umechora nyanya mbili na nusu. Ya tatu haina hata kikonyo. Niliisukuma chini ya kitanda na sikuigusa tena.

Mwaka mpya ulipoanza walinipa madarasa yote mawili, maana hawakupata mtu wa kushika nafasi yako. Waliondoa baadhi ya mbao ili nionekane pande zote mbili. Watoto wako waliuliza utarudi lini. Niliwaambia ukweli, na bado waliuliza tena. Kisha vita ikafika mjini, shule zikafungwa. Zilipofunguliwa, watoto waliingia wakiwa wamesahau hata kushika kalamu. Na walikuwepo wengine wapya, waliotoka kwenye kambi za wakimbizi za upande wa Lac Vert, ambao hawakuwahi kukaa darasani. Mmoja wao ni Zawadi. Kwa majuma mengi sikujua sauti yake ikoje. Alikaa mwisho, mikono chini ya benchi, ukimwita anaangalia chini.

Ni direkta mwenyewe aliyekuja. Alisimama mlangoni, akaangalia lile kundi, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Madame Kavira, zile karatasi zenu ziko wapi?"

Nikarudi nyumbani nikavuta jalada. Zako zilitufikisha kwenye "ny". Umeme haukuwepo, mashine ya fotokopi ilikuwa imefungwa, basi direkta akakubali wanafunzi wa la sixième, darasa la sita, wazinakili kwa mkono, kama zoezi lao la mwandiko mzuri. Walifanya kazi safi, ungewapenda. Lakini baada ya "ny" hapakuwa na kitu. Na mimi, unajua, siwezi kuchora hata jiwe.

Nilijaribu. Nilichora redio kwa ajili ya "r", watoto wakasema ni sabuni. Nilichora panya, wakasema ni kiazi. Ijumaa moja nilikuwa nimechoka kabisa. Niliandika maneno tu, na juu ya kila neno, pale ambapo picha yako ingekaa, nikaacha kisanduku kitupu. Nikawaambia, kwa hasira kidogo, "Leo muchore wenyewe."

Solange, darasa zima liliinamia karatasi. Nilipita kati ya mabenchi na nikaanza kuona. Mtoto aliyesoma "ndege" alichora ndege. Mtoto ambaye hakusoma alibaki na kisanduku kitupu, hakuwa na picha ya kumnong'onezea jibu wala rafiki wa kuimba naye. Kwa mara ya kwanza niliweza kutembea darasani na kujua, mtoto kwa mtoto, nani anasoma na nani bado. Baraka, ambaye alikuwa anarudia mwaka, alikuwa amechora ndege yenye madirisha na rubani. Jirani yake alichora kanga mwenye mabawa na madoa. Wote wawili wamesoma. Nilisimama katikati ya darasa nikakuita jina, kwa sauti, na watoto wakageuka kutazama mlango.

Sheria yako ilikuwa imetimia, na aliyeitimiza ni mimi nisiyejua kuchora. Nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi nyumbani. Kuanzia siku ile nilitengeneza fishi kwa kasi ambayo hatukuwahi kuwa nayo. Picha zako mwanzo, ili wapate moyo. Visanduku vitupu baadaye. Maneno, kisha sentensi. "Chora ulichosoma." Wale ambao visanduku vyao vilibaki vitupu niliwakusanya mbele kila asubuhi, tukarudia silabi moja moja mpaka wakajaza. Zawadi alikuwa kati yao. Aliacha kuwa kati yao kabla ya Pasaka, ingawa bado hakusema neno.

Inspekta alikuja bila kutangaza. Mtu mrefu, mkali, na kalamu mbili mfukoni. Direkta alikuja nyuma yake, uso umemshuka. Inspekta hakutaka kuona vitabu vyetu wala kusikia wimbo wa kumkaribisha. Alichukua chaki, akaandika ubaoni sentensi yake mwenyewe, akageuka akanyoosha kidole mwisho wa darasa.

"Yule."

Alikuwa Zawadi. Nilitaka kusema, huyu hapana, chagua mwingine. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini alikuwa ameshasimama.

Alikuja mbele. Aliangalia ubao kwa muda mrefu hivi kwamba inspekta alitazama saa. Kisha nikaisikia sauti yake, nyembamba, imekauka: "Ma-ma. A-na-we-ka. Ma-ka-la." Akavuta pumzi. "Mama anaweka makala chini ya sufuria."

Inspekta alimpa chaki. "Chora."

Alichora sufuria. Alichora makala, vipande vitano vya mkaa. Kisha akachora mbabula, jiko lenyewe la mkaa, na miguu yake mitatu, kuzunguka makala.

"Mbona mbabula?" inspekta akamuuliza. "Sikuandika mbabula."

Zawadi alimwangalia kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto. "Sasa makala ingekaa wapi?"

Direkta aliangua kicheko, halafu akaziba mdomo. Inspekta hakucheka. Alifuta ubao akaandika kwa Kifaransa kwamba nyanya iko mezani: *La tomate est sur la table.* Hatukuwa tumefika huko, Solange, hata siku moja. Zawadi akasoma, "La tomate esti suri la tabele," na watoto wa nyuma wakacheka.

Inspekta aliinua mkono wakanyamaza. Akamgeukia direkta. "Matamshi tutatengeneza," alisema. "Kusoma, anasoma."

Kisha akaomba jalada. Alikaa kwenye meza yangu akapekua yote, tangu "a". Kwenye mbwa alisimama akaniuliza ni mbuzi wa aina gani. Nilimwambia huyo ni mbwa, na nikamwambia ni wewe uliyemchora. Nilimwambia kila kitu. Alisikiliza, akaondoka na jalada, na kwa mwezi mzima sikulala vizuri. Lilirudi likiwa na sahihi kwenye ukurasa wa kwanza na barua ya kutaka nakala kwa shule nyingine. Niliikimbiza barua hiyo kwa mama yako kabla sijamwonyesha mtu yeyote. Aliomba nimsomee mara mbili. Kisha akaenda jikoni akapika ndizi za watu kumi, na tulikuwa wawili.

Papa Innocent naye alikuja. Usitegemee kwamba aliomba msamaha. Alisimama pale mlangoni, akasema Baraka sasa anamsomea maandishi ya magunia yote, hata yale asiyoulizwa, na anamchosha. Halafu akauliza, "Za Kifaransa mutatengeneza lini?" Nilimwambia mwakani. Akasema nisichelewe.

Na leo, hao walimu. Walibanana kwenye mabenchi ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Niliwagawia fishi, nikawaambia wajaribu kama wanafunzi. Mama mmoja mnene kutoka shule ya njia ya Sake alichora kwa bidii mpaka ulimi ulimtoka. Direkta alitaka jina la shule liandikwe chini ya kila ukurasa. Nilikataa, na nilikataa mbele ya watu, mimi niliyekuwa nikitetemeka. Kwa hiyo chini ya kila ukurasa pameandikwa jina lako kwanza, kisha langu.

Mwishoni kijana mmoja, mwalimu mpya, akainua mkono akauliza: "Madame Kavira ni wewe, tumekuona. Huyu Solange ni nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, siyo hilo. Nikasema, "Ni mwalimu wa première B."

Sikusema "alikuwa". Sikurekebisha.

Dada yangu, jua limehama upande wa pili wa darasa na lazima nifagie kabla watoto hawajaingia kesho. Nakuahidi mambo mawili. Za Kifaransa nitazianza Jumamosi hii, kwenye meza ya mama yako, ameshasema ataondoa sufuria. Na hakuna fishi itakayotoka mikononi mwangu yenye jina lako ambayo mtoto anaweza kuijibu bila kusoma. Nitaitupa mwenyewe, na nitakuchukia kidogo ninapoitupa.

Pumzika, Solange. Kazi iko katika mikono salama, na mikono yenyewe ni mingi sasa.

Wako wa première A,
Kavira