Shujaa Aliyerudi kwa Chombo cha Anga

Ruhuwiko, Songea
9 Agosti 2024, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke Tunduru

Mdogo wangu Shakila,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Baridi ya huku imenishika magoti, lakini mkono bado unaandika. Ule utenzi wa kale aliotuimbia marehemu baba, wa shujaa aliyemwachia nduguye lawama, nimeugeuza hadithi ya sayansi. Farasi sasa ni chombo cha anga, na jangwa ni sayari isiyo na maji. Mwishoni shujaa anarudi, anakiri mbele ya watu wote, na nduguye anapata heshima yake.

Jirani yangu Romanus, Mngoni, mtani wangu, aliisoma akacheka. "Wewe Myao, mtu wako amevuka nyota zote. Tunduru, asubuhi moja tu kwa basi, imekushinda?"

Alipoondoka, nikachukua kalamu kukuandikia.

Umeniita kwenye arobaini ya kaka Bakili. Shakila, moto ulioteketeza mikorosho ya kijiji niliuwasha mimi, nikisafisha shamba. Bakili alisema ni yeye, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshapata nafasi ya ualimu. Wakamtenga mpaka anakufa, nami nikanyamaza.

Siku hiyo, baada ya dua, kabla watu hawajanawa mikono kula, wasomee barua hii kwa sauti. Wajue kwamba Bakili hakuwa na kosa.

Shujaa wangu nilimrudisha kwa sentensi moja. Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Azizi